Moroni wa Komoro na Moroni wa mabamba: namna ya kupima hoja za Wamormoni na za wapinzani wao

Mtu wa Ujiji akisikia kwamba malaika wa Wamormoni anaitwa Moroni, swali humtoka hata hujamaliza kusema: wa Komoro? Ukimwongezea kwamba kilima ambako Joseph Smith, mwanzilishi wa dini hiyo, alidai kufukua mabamba ya dhahabu kinaitwa Kumora, na kwamba toleo la kwanza la Kitabu cha Mormoni, kitabu chao kitakatifu, la mwaka 1830, lililiandika jina hilo Camorah, basi kwake mjadala umefungwa. Moroni na Komoro, mji mkuu na visiwa vyake. Huyu bwana alisoma ramani, basi.

Hoja hiyo nimeitanguliza makusudi. Wakosoaji wa Marekani wanaitumia, watetezi wa Kimormoni wanaijibu, na sisi wa Kiswahili tuko mahali pazuri zaidi ya wote wawili kuikagua.

Tuanze na pale inapouma. Smith alikulia kati ya watu waliosaka hazina zilizofukiwa, na mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu huko Bainbridge, New York, kwa shughuli hizo. Hadithi za hazina ya Kapteni Kidd, haramia wa baharini, zilisimuliwa sana zama hizo, na Kidd kweli alitia nanga Komoro mwaka 1697. Ramani za kale za Wazungu nazo ziliandika jina la visiwa hivyo kwa tahajia za namna ya Comora. Nusu ya hoja ina miguu.

Inayochechemea ni nusu ya pili, Moroni. Meli za Wazungu zilizokwenda India zilipumzika zaidi Nzwani, kisiwa ambacho Waingereza walikiita Johanna, na simulizi zao zimejaa Johanna. Moroni uko Ngazidja. Wakati wa Smith haukuwa mji mkuu wa Komoro yote, na hadi katikati ya karne ya 20 utawala wa Wafaransa ulikuwa bado Dzaoudzi, Mayotte. Uzito tunaousikia leo katika "Moroni, Komoro" umetoka kwenye atlasi za shule za miaka ya baadaye. Jina lenyewe lina asili yake: mro kwa Kingazidja ni mto, na -ni ni hiyohiyo ya Mtoni. Kwa hiyo anayetaka hoja isimame anadaiwa waraka: kitabu au ramani iliyochapwa kabla ya 1829, yenye majina yote mawili, ambayo ingeweza kumfikia mtu wa magharibi mwa New York. Akiuleta, watetezi wamebanwa. Asipouleta, ana majina yanayofanana, na majina yanayofanana ni rahisi kuyapata ukiwa na ramani ya dunia nzima mkononi.

Kipimo nitakachokitumia katika hoja zote zinazofuata ni hicho: hoja hii ingeweza kushindwa vipi? Ni kitu gani, kikipatikana au kikikosekana, kingemlazimu mwenye hoja akubali kwamba imeanguka? Wahadhiri wetu wa mihadhara ya dini, wa Biblia na wa Kurani, ni hodari wa kunukuu aya kwa kasi, ila swali hili ni nadra kulisikia kwenye kipaza sauti. Wamormoni na wapinzani wao nao hulikwepa, kila upande kwa zamu yake.

Kisa chenyewe kwa ufupi, kwa asiyekijua. Smith alizaliwa Vermont mwaka 1805. Alisema malaika Moroni alimtokea mwaka 1823, na kwamba tarehe 22 Septemba 1827 alikabidhiwa mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani karibu na Palmyra, New York. Kurasa 116 za mwanzo, zilizoandikwa na Martin Harris kwa imla, zilipotea mwaka 1828. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni 1829, Oliver Cowdery aliandika karibu kitabu kizima, maneno kama 270,000, huku Smith akisoma kwa kuinamia jiwe lililowekwa ndani ya kofia. Jambo hilo la jiwe zamani lilikuwa silaha ya wapinzani. Mwaka 2015 Kanisa lenyewe lilichapisha picha ya jiwe. Harris aliweka shamba lake rehani kwa dola 3,000 ili nakala 5,000 zichapwe, na kitabu kikatoka Machi 1830. Kinasimulia familia ya Lehi iliyoondoka Yerusalemu mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo ikavuka hadi Amerika, ikagawanyika Wanefi na Walamani, na Wanefi wakaangamizwa kabla ya mwaka 421 baada ya Kristo. Kipo kwa Kiswahili, kwa hiyo aya ninazozitaja hapa unaweza kuzifungua.

Mabamba hayapo. Smith alisema aliyarudisha kwa malaika. Ndiyo maana ugomvi wote umehamia kwenye vitu vingine: mashahidi, maneno ya kitabu, miswada, na ardhi ya Arabuni na Amerika.

Mashahidi nitawapitia haraka. Watatu (Cowdery, Harris na David Whitmer) walisema malaika aliwaonyesha mabamba. Wengine wanane walisema waliyashika na kuyainua. Kufikia Aprili 1838 wote watatu walikuwa nje ya Kanisa, wamegombana na Smith vibaya sana. Cowdery alirudi mwaka 1848, Harris mwaka 1870, Whitmer hakurudi kabisa. Hakuna kati yao aliyetoa maandishi ya kukana alichokiona, hata katika miaka ya uhasama mkali, na hapo ndipo ushahidi wao ungeweza kushindwa na haukushindwa. Wakosoaji hujibu kwamba wale wanane walitoka nyumba mbili tu, ya akina Whitmer na mkwe wao na ya akina Smith, na kwamba Harris alinukuliwa akisema aliona kwa jicho la imani. Mkaazi wa Ujiji ana mfano wa karibu wa kazi hii. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, ilhali hesabu za Livingstone zinaangukia mwishoni mwa Oktoba, na kurasa za shajara ya Stanley za siku hiyo zilichanwa, hata ile salamu maarufu wanahistoria wanaitilia shaka. Hakuna anayesema kwamba wale wawili hawakukutana. Tofauti za tarehe haziui tukio. Ila mkutano wa Ujiji ulikuwa wa watu wawili wenye homa na vumbi, wa kawaida kabisa, wakati ule wa mashahidi watatu una malaika ndani yake. Mtu aliyeinua kitu kizito ni shahidi wa uzito. Umri wa maandishi yaliyochongwa juu yake hawezi kuushuhudia.

Sasa tugeukie kosa kubwa la upande wa wapinzani. Mwaka 1834 Eber D. Howe alichapisha kitabu kilichodai kwamba Kitabu cha Mormoni kiliibwa kutoka kwenye riwaya isiyochapishwa ya mchungaji Solomon Spaulding, na kwamba Sidney Rigdon, mhubiri aliyejiunga na Wamormoni, ndiye aliyeipitisha kwa Smith. Viapo vya majirani vilikusanywa na Doctor Philastus Hurlbut, ambaye hakuwa daktari. Doctor lilikuwa jina lake la kuzaliwa. Hoja ilitamba kwa nusu karne. Mwaka 1884 mswada wa Spaulding ukapatikana Honolulu, na sasa umehifadhiwa Chuo cha Oberlin, Ohio. Waliousoma walikuta hadithi ya Warumi waliopotezwa na upepo hadi Amerika, wala haifanani na kitabu cha Smith kiasi cha kuitwa chanzo chake. Wenye kuishikilia wakahamia kudai kwamba lazima kulikuwa na mswada wa pili wa Spaulding. Mswada huo wa pili hakuna aliyewahi kuuonyesha, na hoja inayoegemea karatasi ambayo haijaonekana haiwezi kushindwa tena, maana hakuna cha kuikagulia.

Ilirudi mwaka 2008 ikiwa imevaa suti ya kompyuta. Jockers, Witten na Criddle walitumia mbinu ya kupima mtindo wa uandishi. Mbinu inakwenda hivi: unakata kitabu vipande vipande, unahesabu maneno madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kufikiri (kwa Kiswahili yangekuwa na, kwa, lakini, hivyo), kisha unalinganisha viwango hivyo na maandishi ya watu unaowashuku. Matokeo yao yaliwaelekea Rigdon na Spaulding. Tatizo lilikuwa kwenye orodha ya washukiwa: Smith mwenyewe hakuwamo, na mbinu ile ilikuwa ya orodha iliyofungwa, yaani lazima imchague mmoja wa waliopangwa. Ni gwaride la utambuzi ambalo shahidi ameambiwa haruhusiwi kusema "hayupo". Mwaka 2011 Schaalje na wenzake walijibu katika jarida lilelile. Walichukua makala za kisiasa za Alexander Hamilton, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, wakamwondoa Hamilton kwenye orodha, wakaacha mbinu ichague. Makala nyingi zikamwangukia Rigdon, mtu aliyekuwa bado hajazaliwa zilipoandikwa. Hiyo ndiyo namna safi ya kumwangusha mtu: unatumia mashine yake juu ya jambo ambalo jibu lake linajulikana.

Watetezi wasishangilie sana. Uchunguzi wao wa mwaka 1980, wa Larsen, Rencher na Layton, uliosema kwamba Nefi, Alma na Mormoni, waandishi wanaotajwa ndani ya kitabu, wana mitindo tofauti, una udhaifu wake. Maandishi ya Smith mwenyewe ya kabla ya 1830, yaliyotoka mkononi mwake bila mwandishi msaidizi, ni machache mno kuwa kipimo. Pia lugha ya kitabu ni ya kuiga Biblia ya King James, na mtu akiigiza sauti, maneno yake madogo hubadilika.

Hoja yao bora kuliko zote ni Nahom, na mimi naipa heshima yake. Katika 1 Nefi 16, msafara wa Lehi unashuka kusini-kusini-mashariki kando ya Bahari ya Shamu. Ishmaeli, mmoja wa msafara huo, anafariki, anazikwa mahali "palipoitwa" Nahom, kwa maana kwamba jina lilikuwepo kabla yao, kisha 17:1 inasema waligeuka kuelekea mashariki. Wanaakiolojia wa Kijerumani waliofukua hekalu la Bar'an huko Marib, Yemeni, walipata madhabahu za mawe zilizotolewa na mtu wa kabila la Nihm, jina likiwa limechongwa kwa konsonanti NHM. Zinakadiriwa kuwa za karne za 8 hadi 6 kabla ya Kristo. Kabila hilo bado lipo kaskazini-mashariki ya Sana'a. Kwa hiyo kuna jina, liko upande unaotakiwa, ni la wakati unaotakiwa, na kutoka hapo njia ya kwenda mashariki inapitika hadi Dhofar, Omani, ambako kuna mabonde ya kijani ufukweni yanayoweza kuwa lile eneo la matunda na asali linalosimuliwa baadaye.

Wakosoaji wana majibu matatu, na hayalingani uzito. La kwanza ni kwamba Carsten Niebuhr, msafiri wa karne ya 18, aliliweka jina Nehhm kwenye ramani yake ya Yemeni. Ni kweli, lakini wanadaiwa waraka kama wa Komoro: nani aliiona ramani hiyo huko Palmyra? La pili ni kwamba konsonanti tatu bila irabu ni wavu mpana, na ukivua majina ya Arabuni nzima lazima upate kitu. Hilo lina uzito, ingawa linapungua ukizingatia kwamba msomaji hana uhuru wa kuvua popote. Ni lazima iwe karibu na pale njia inapogeuka. La tatu ndilo la kitaalamu, na waliosoma madrasa za Ujiji watalielewa upesi kuliko Mmarekani. Watetezi husema jina linaendana na msiba kwa sababu mzizi wa Kiebrania unahusu kuomboleza na kufarijiwa. Mzizi huo una ha ya kooni, ح, wakati Nihm ya madhabahu ina he nyepesi, ه. Kwa hiyo ule mchezo wa maana, kwamba mahali pa msiba paliitwa msiba, unayumba. Mahali penyewe hapayumbi. Ningekuwa mtetezi ningeiacha maana kabisa na kusimama kwenye jiografia peke yake.

Wakosoaji nao wana hoja yao bora, ambayo ni Biblia ndani ya kitabu, na hapa watetezi wanapata taabu ya kweli. Wasomi wengi wa Biblia wanaiona Isaya 40 hadi 55 kuwa ya wakati wa uhamisho wa Babeli, mnamo miaka ya 540 kabla ya Kristo. Lehi aliondoka mnamo 600. Lakini 1 Nefi 20 na 21 ni Isaya 48 na 49, 2 Nefi 7 na 8 ni Isaya 50 na 51, na Mosia 14 ni Isaya 53. Mtetezi anaweza kusema Isaya yote ni ya Isaya mmoja, na wapo wasomi wa Kikristo wasio Wamormoni wanaosema hivyo. Afadhali. Sasa fungua Mormoni 9:22-24 uweke pembeni Marko 16:15-18. Maneno ya kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha yamo kwenye mwisho mrefu wa Marko, ambao haumo katika miswada miwili mikongwe, Sinaiticus na Vaticanus. Fungua 3 Nefi 13:13, Sala ya Bwana: "kwa kuwa ufalme ni wako" na kuendelea, maneno ambayo nayo hayamo katika miswada ya zamani zaidi ya Mathayo. Ni vigumu kueleza namna nyongeza za wanakili wa ng'ambo hii ya bahari zilivyofika kwenye mabamba ya Amerika. Jibu la kawaida la watetezi ni kwamba mtafsiri, au Mungu, alitumia maneno ya Biblia ambayo wasikilizaji wa 1829 walikuwa wameyazoea. Inawezekana. Gharama yake ni kwamba ukishakubali hivyo, huwezi tena kuchukua neno moja moja la kitabu na kulifanya ushahidi wa Kiebrania cha kale.

Na wanalichukua. Mfano wao maarufu ni 2 Nefi 12:16. Isaya 2:16 katika Biblia zetu inataja merikebu za Tarshishi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ina merikebu za bahari. Kitabu cha Mormoni kina zote mbili kwa pamoja, na mtetezi husema: tazama, kimehifadhi mstari wa asili ambao Kiebrania kilipoteza nusu na Kigiriki nusu. Hoja nzuri, na ilikuwa na hatari ya kushindwa. Imeshapungua nguvu, kwa kuwa tofauti hiyo ya Kigiriki ilijulikana katika vitabu vya ufafanuzi wa Biblia vilivyosomwa kwa Kiingereza kabla ya 1829.

Kiasmu ni hoja inayopendwa kuliko inavyostahili. John W. Welch aliigundua katika Kitabu cha Mormoni mwaka 1967, akiwa mmisionari kijana Ujerumani. Ni mpangilio wa maneno yanayokwenda kisha kurudi kinyume, kama Marko 2:27: Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato. Alma 36 yote, aya 30, inasemwa imepangwa hivyo, na katikati yake, aya za 17 na 18, ni jina la Yesu. Ukitaka kuikagua, usianze na mchoro wa mtetezi. Orodhesha mwenyewe kila neno au wazo linalojirudia kwenye sura, hata yasiyopendeza, halafu uone mangapi yameachwa nje ya mchoro na ni aya ngapi zimebanwa kuwa kipengele kimoja. Ncha na kitovu vya Alma 36 vinasimama. Mbavu za katikati ndizo zinazolegea. Kisha fanya zoezi hilohilo kwa maandishi ambayo mwandishi wake anajulikana. Wakosoaji wamezipata kiasmu katika Mafundisho na Maagano, mkusanyo wa ufunuo alioutoa Smith mwenyewe. Mtu aliyelelewa na Biblia hupata mdundo wake bila kufundishwa.

Nje ya Kitabu cha Mormoni kuna kesi ya Kitabu cha Ibrahimu, kilichomo katika Lulu ya Thamani Kuu, andiko jingine takatifu la Wamormoni, na pale ugomvi umefika hadi kwenye rula. Mwaka 1835 waumini walinunua maiti nne za Kimisri zilizokaushwa pamoja na mafunjo kwa dola 2,400, na Smith akasema mojawapo ina maandishi ya Ibrahimu. Vipande vilivyosalia vilitoka Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, na kukabidhiwa kwa Kanisa Novemba 1967. Wataalamu wa Kimisri, Wamormoni na wasio Wamormoni, wanakubaliana kwamba ni maandishi ya maziko ya kuhani aitwaye Hor na wengine, ya karne chache tu kabla ya Kristo. Watetezi wakasema: Ibrahimu alikuwa kwenye sehemu ya ndani ya hati iliyopotea. Basi swali likawa, ilipotea urefu gani?

Kupima kunawezekana, na unaweza kujaribu kwa bobini ya karatasi ya mashine ya EFD. Itoboe ikiwa imeviringishwa kwa msumari wa moto mara moja, halafu ikunjue. Matundu yanajirudia, na umbali kati ya tundu na tundu ni mzingo wa duru hiyo, ukipungua kadiri unavyoingia ndani. Hati ya mafunjo iliyoharibika ina alama zinazojirudia vivyo hivyo. Tuseme duru ya mwisho uliyonayo ni sentimita 10 na kila duru inapungua nusu sentimita: kilichobaki ndani ni 9.5 jumlisha 9 jumlisha 8.5 hadi sifuri, jumla sentimita 95. Sasa tuseme upungufu ni nusu milimita, yaani sentimita 0.05. Jumla inakuwa sentimita 995, karibu mita 10. Kosa dogo la rula limezidisha jibu mara kumi. Ndiyo maana John Gee, mtetezi, alipata zaidi ya mita 12 mwaka 2008, na Andrew Cook na Christopher Smith wakapata kama sentimita 56 mwaka 2010. Kingo za vipande zimechanika na vilibandikwa kwenye karatasi karne ya 19, hivyo kila anayepima lazima aonyeshe ni alama ipi kwa ipi aliyoipima. Cook na Smith walionyesha namna walivyolinganisha alama hizo, na kwangu kazi yao ndiyo inayoshika. Kanisa, katika maelezo yake ya mwaka 2014, linaruhusu pia maoni ya kwamba mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Kwa imani hilo linatosha. Kwa kipimo chetu, maoni hayo hayawezi kuumizwa wala kusaidiwa na chochote kilichoandikwa kwenye mafunjo.

Farasi, chuma na hariri sitavikawia. Farasi wa asili wa Amerika walitoweka yapata miaka 10,000 iliyopita, na hakuna mifupa ya farasi wa wakati wa Wanefi inayokubalika na wanaakiolojia kwa jumla. Shayiri iliyolimwa kabla ya Columbus ilipatikana Arizona, lakini si aina ya Mashariki ya Kati. Katika DNA, utangulizi wa kitabu wa mwaka 1981 uliwaita Walamani mababu wakuu wa Wahindi wa Amerika. Toleo la 2006 likasema miongoni mwa mababu. Wakosoaji waliita hilo kukimbia. Wana haki kwa utangulizi, ila si kwa wazo lenyewe: John L. Sorenson alikwisha kuchapisha mwaka 1985 kwamba matukio yalikuwa katika eneo dogo la Amerika ya Kati lenye wenyeji wengine wengi, miaka mingi kabla DNA haijawa hoja. Angalia tarehe kabla ya kumwita mtu mkimbizi.

Wamormoni wenyewe wamebishana humu ndani kwa ukali usiopungua wa nje. B. H. Roberts, kiongozi mkubwa wa Kanisa, alipewa maswali matano kuhusu lugha, farasi, chuma, panga na hariri, na mwaka 1922 akawaeleza viongozi wenzake kwamba majibu waliyonayo hayatoshi. Alilinganisha hata na kitabu cha Ethan Smith cha mwaka 1823 kuhusu Waebrania wa Amerika. Uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 1985, miaka 52 baada ya kifo chake. Hugh Nibley, msomi wa Kimormoni, alileta elimu ya Mashariki ya Kati kwenye utetezi, na mwaka 1979 Welch akaanzisha FARMS, taasisi ya utafiti wa Kitabu cha Mormoni, iliyoingizwa Chuo Kikuu cha Brigham Young na baadaye kuwa sehemu ya Taasisi ya Maxwell. Mwaka 2012 Daniel C. Peterson aliondolewa uhariri wa jarida la taasisi hiyo, na yeye na wenzake wakaanzisha jarida jingine, Interpreter. Pande zote mbili za mgawanyiko huo ni waumini. Walichogombania ni kama kazi ya msomi muumini ni kujibu mashambulizi au kusoma kitabu kama kinavyosomwa kitabu kingine chochote kitakatifu.

Anayetaka kukagua mwenyewe aanze na miswada, kabla ya video. Mswada wa awali umebaki kama asilimia 28, kwa kuwa Smith aliuweka ndani ya jiwe la msingi la jengo la Nauvoo mwaka 1841 na maji yakauozesha hadi ulipotolewa mwaka 1882. Nakala ya mchapaji iko karibu kamili. Kanisa liliinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 35 kutoka kwa Community of Christ, tawi jingine la wafuasi wa Smith. Picha zake na toleo la 1830 zipo bure kwenye tovuti ya Joseph Smith Papers. Picha hula bando, kwa hiyo fungua kwanza maandishi yaliyonakiliwa, na picha pale tu neno linapogombaniwa. Linganisha 1 Nefi 11:18, ambapo toleo la 1830 linamwita Mariamu mama wa Mungu na la 1837 mama wa Mwana wa Mungu. Kisha Mosia 21:28, ambapo mfalme Benjamini wa 1830 amegeuka Mosia mwaka 1837, kwa sababu kwa mtiririko wa kisa Benjamini alikuwa ameshafariki. Badiliko la kwanza ni la mhariri anayefafanua. La pili linarekebisha kosa, na kosa hilo ama liliingia kwa mwandishi wa imla, ama kwa mtu anayetunga aliyesahau nani amekufa, ama Benjamini aliishi zaidi ya tunavyodhani, kama wanavyojibu baadhi ya watetezi. Soma Mosia 6:5 uhesabu miaka uone ni lipi linaloingia.